Kupatwa kwa Jua: Neno, Giza na Kivuli Kusini mwa Tanzania

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete ya mwanga juu ya ukanda mwembamba uliopitia Rujewa, wilayani Mbarali, na kuteremka kusini mashariki hadi Msumbiji. Pale ilipodumu zaidi, pete hiyo ilikaa dakika 3 na sekunde 6. Ngaka, wilayani Mbinga, bonde linalojulikana zaidi kwa makaa ya mawe, ilikuwa nje ya ukanda huo kwa upande wa kusini. Huko jua lilibaki kama hilali. Usiku haukuingia Rujewa wala Ngaka. Mwanga ulififia, kisha ukarudi. Aliyekuwa amefundishwa kwamba tukio hilo maana yake ni giza alikuwa na haki ya kuuliza giza lenyewe lilikuwa wapi.

Swali hilo ni la anga, lakini ni la lugha pia. Neno la Kiingereza *eclipse* limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuacha, kukosekana, kutoonekana mahali panapostahili. Jua ndilo linalotenda: linaondoka, linawaacha watu. Katika Kiingereza maana ilipanuka ikawa kutiwa giza, kisha kuzidiwa fahari na mwingine, na hatimaye kuporomoka kwa cheo au dola. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Jua *limepatwa*, mwezi *umepatwa*. Hakuna giza katika neno hilo, wala hakuna kuondoka. Kuna kutendwa.

Kitenzi -*patwa* ni kilekile cha mtu aliyepatwa na homa, na msiba, na mkasa. Kwa kawaida huja na kiunganishi *na* kinachotaja kilichompata mtu; kwa jua na mwezi, kiunganishi hicho huachwa. Jua limepatwa, basi. Aliyelipata hatajwi, na sarufi haimdai msemaji amtaje. Umbo hili halisimami peke yake. *Kumekucha* na *kumekuchwa* ni jozi kongwe ambamo kuingia kwa usiku kumebeba kiambishi kilekile -*w*-. Na hata leo mwandishi wa fasihi husema jua *limekuchwa*. Ni kweli kwamba jua pia *linachomoza* na *linazama*, vitenzi vya kutenda kabisa, kwa hiyo isidaiwe kwamba Kiswahili hulitazama jua daima kama mtendwa. Lakini pale mwanga unapopotea nje ya wakati wake, chaguo limekuwa moja.

Uimara wa chaguo hilo unaonekana zaidi pale liliposhindanishwa. Kiarabu kina maneno mawili, *kusufu* kwa jua na *khusufu* kwa mwezi, na yote mawili yanafahamika kwa Waislamu wa pwani kupitia sala ya sunna ya tukio hilo. Hata hivyo yamebaki msikitini. Nje yake watu wameendelea kusema kupatwa. Hadithi mashuhuri inayohusiana na sala hiyo inaeleza kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu waliliunganisha na msiba huo, naye akawakanya: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Katika Kiswahili katazo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa kitenzi chenyewe kimeazimwa kutoka katika lugha ya misiba.

Wafasiri wa Biblia nao walikutana na tatizo lilelile kwa upande mwingine. Katika Luka 23:45, nakala kongwe za Kigiriki zinatumia kitenzi kilichozaa *eclipse*. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilisema jua lilitiwa giza. Tafsiri ya Kiswahili ya Union ilichagua kupungua kwa nuru, si kupatwa. Chaguo hilo ni sahihi kuliko linavyoonekana: Pasaka huangukia mwezi mpevu, ilhali jua hupatwa siku za kuandama kwa mwezi tu.

Kusini mwa Tanzania pana sababu ya kihistoria ya kulipima neno hili. Kabla ya pete ya 2016, kivuli kizito zaidi kilipita jirani: tarehe 29 Mei 1919 ukanda wa kupatwa kikamilifu ulivuka ncha ya kaskazini ya Nyasaland, ukakatiza kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukaingia kaskazini mashariki mwa Msumbiji jua likielekea kuchwa. Ni kivuli kilekile ambacho saa chache awali Crommelin na Davidson walikipima Sobral, Brazili, na Eddington katika kisiwa cha Príncipe, na vipimo vyao vikaipa nguvu nadharia ya Einstein. Historia ya sayansi humalizia simulizi yake Príncipe. Kivuli hakikuishia hapo. Kiliendelea mpaka kwenye nchi ambayo miezi sita tu iliyopita, Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alikuwa amesalimisha jeshi lake mpakani mwake, na ambayo jeshi hilo lilikuwa limeivuka tena kutoka Ruvuma kupitia upande wa Songea. Kwa watu waliotoka kupatwa na vita, njaa na homa kuu ya mafua, kauli kwamba jua nalo limepatwa haikuhitaji ufafanuzi.

Ufafanuzi unahitajika shuleni. Mwanafunzi wa msingi wa Mbinga hufundishwa kupatwa kwa jua. Akifika sekondari hukutana na *eclipse*, na kwa kawaida huelezwa kwamba ni giza. Maana ya kuzidiwa fahari haiwezi kubebwa na -*patwa*: hakuna mwanamuziki *aliyempata* mwenzake kwa maana hiyo. Kiswahili cha mitaani kimekwisha kutoa jibu: *amewafunika*. Na ajabu ni kwamba neno hilo la majukwaani ndilo linaloeleza kwa usahihi kilichotokea Rujewa. Mwezi ulilifunika jua, ukabakiza ukingo.