Kalasinga, Mlokole na Haki ya Kutafuta Imani

Kiswahili kina neno la kumtaja mtu wa dini ya Sikh bila kuigusa dini yenyewe. Tunamwita Kalasinga, na hapa Tanzania mara nyingi Singasinga. Litamke neno hilo Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na msikilizaji ataona kilemba, ndevu ndefu, karakana ya magari au mkandarasi wa majengo. Hataona mtu anayesali. Hataona kijana anayelala macho akijiuliza kama Mungu wa baba yake ni Mungu wake pia. Tumelichukua jina Singh, ambalo kwa asili yake maana yake ni simba, tukaligeuza kuwa jina la kazi.

Neno Sikh lenyewe maana yake ni mwanafunzi. Hili si jambo dogo kwetu tunaofundisha na kufundishwa. Dini iliyojiita kwa jina la mwanafunzi imekiri tangu mwanzo kwamba muumini yuko njiani, hajafika. Katika makala haya nataka kuitumia historia ya mtoto mmoja wa nyumba ya Kisikh aliyekulia Afrika Mashariki ili kuuliza swali ambalo vijana wa Karagwe na Kyerwa huniuliza kila mwaka, wengine kwa sauti ya chini: je, mtu akiitafuta imani yake mwenyewe, amewasaliti waliomlea?

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo hutumiwa na wazazi kama hati ya kumiliki. Lakini tazama habari za Nanak, mwanzilishi wa dini ya Sikh, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nyumba ya Kihindu huko Punjab. Mapokeo ya Masikh yanasimulia kwamba alipokuwa mtoto aliukataa uzi mtakatifu ambao kila mvulana wa tabaka lake alivikwa, akitaka aonyeshwe uzi usiokatika wala kuchakaa, yaani huruma na ukweli. Baadaye alisafiri miaka mingi, akazungumza na Wahindu na Waislamu, kisha akarudi kulima na kuishi na familia. Aliacha mafundisho matatu makuu: kumkumbuka Mungu, kula jasho la halali, na kugawana na wengine ulichokipata. Kitabu kitakatifu cha Masikh kimehifadhi hata tungo za watakatifu wasiokuwa Masikh, akiwemo Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu. Basi Msikh anayetafuta anafuata nyayo za aliyeianzisha dini yake. Hata hivyo, nyumba za Kisikh, kama nyumba zetu, zimepata tabu kulikumbuka jambo hilo pale mtafutaji anapokuwa mtoto wao wa kuzaa.

Masikh walifikaje huku? Wengi wao walikuja na reli ya Uganda. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliajiri kwa mkataba watu wapatao 32,000 kutoka India kuijenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Nyanza. Karibu 2,500 walikufa, na wasiofikia 7,000 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli ziliiunganisha Bukoba na biashara ya Mombasa. Miongoni mwa waliobaki, na miongoni mwa jamaa waliowafuata baadaye, walikuwamo Masikh maseremala, waashi na wahunzi. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Katika mpango huo Msikh alipewa nafasi ya fundi, na sisi tukalipokea jina la nafasi hiyo kana kwamba ndilo jina la moyo wake.

Makhan Singh alizaliwa Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab. Alikuwa na umri wa miaka mitano wakati majeshi ya Kiingereza yalipowaua mamia ya watu Amritsar, tarehe 13 Aprili 1919. Kesho yake ndege za Waingereza ziliishambulia Gujranwala yenyewe kwa mabomu. Mwaka 1921 Masikh waliokwenda kudai usimamizi wa hekalu la Nankana, mahali alipozaliwa Nanak, waliuawa kwa wingi humo humo hekaluni. Kwa mtoto wa Kisikh wa miaka ile, dini na siasa havikuwa vyumba viwili. Swali la nani mwenye haki ya kushika funguo za nyumba ya ibada lilikuwa swali la dola.

Baba yake, Sudh Singh, seremala, alikuwa ametangulia Kenya na kufanya kazi katika reli. Mwaka 1927 Makhan alimfuata Nairobi akiwa na miaka 13. Alisoma, akafaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, akaishia kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, huku akitunga mashairi kwa Kipunjabi. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama kidogo cha wafanyakazi wa Kihindi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo jamaa zake wengi hawakulitarajia: chama kilibadilishwa kikawa chama cha wafanyakazi wote, bila kujali rangi, dini wala tabaka. Mwaka 1937 kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, ukamalizika kwa nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 22. Mwaka huo huo chama kilichukua jina la Afrika Mashariki nzima.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India, akakamatwa mwaka uliofuata, akakaa kizuizini kisha akawekewa mipaka kijijini kwake hadi 1945. Alirudi Nairobi mwaka 1947. Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, nao uje mara moja. Tanganyika ilikuwamo katika dai hilo, na Karagwe ndani ya Tanganyika, miaka minne kabla TANU haijazaliwa. Tarehe 15 Mei alikamatwa. Alizuiliwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, na hakuachiwa mpaka Oktoba 1961: zaidi ya miaka 11. Alifariki Mei 1973, akiwa ameandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, bila kupewa cheo chochote kikubwa na serikali ya uhuru.

Je, mtu huyu aliiacha imani ya nyumbani? Alisema waziwazi kwamba yeye ni mkomunisti. Wapo wanaotosheka na hapo: alihama dini akaingia siasa, basi. Wapo wengine wanaomrudisha kwa nguvu hekaluni na kumfanya mtakatifu wa jumuiya. Naona majibu yote mawili yanakimbia ushahidi ulio mbele yetu. Picha alizopigwa alipotoka kizuizini zinamwonyesha na kilemba na ndevu zake. Na kazi aliyoifanya kwa miaka 15 inasomeka kama tafsiri ya mafundisho matatu aliyolelewa nayo. Kula jasho la halali: akadai jasho hilo lilipwe. Kugawana: akafungua chama kwa watu wa rangi zote, katika mji ambao hata vyoo vilitengwa kwa rangi. Katika jiko la hekalu la Kisikh watu wote huketi sakafuni safu moja wakala chakula kimoja, tajiri kando ya maskini. Aliyelelewa akiona safu hiyo, kisha akatoka nje akaona jiji lililogawanywa kwa rangi, alikuwa na mawili ya kuchagua: kuiacha safu ibaki hekaluni, au kuitoa nje. Makhan Singh aliitoa nje. Wengi wa waliobaki ndani walimwona mkaidi.

Huenda msomaji wa Kayanga au Murongo akasema hayo ni ya Nairobi na Punjab. Lakini Karagwe ina historia yake ya kutafuta imani, na nyumba zetu zimepitia mtihani ule ule.

Omukama Rumanyika alipompokea Speke mwishoni mwa mwaka 1861, Karagwe ilikuwa tayari imezoea wageni wa dini nyingine. Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo cha biashara Kafuro, na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mwislamu kutoka India aliyekaa Tabora, alikuwa na uhusiano wa karibu na ikulu. Rumanyika alikuwa mfalme na vilevile mtu wa ibada. Ngoma na vyuma vya Bweranyange vilikuwa vitu vitakatifu. Alimsikiliza mgeni akizungumza juu ya Biblia, akauliza maswali mengi, wala hakuacha mila za baba zake. Kusikiliza kwa makini imani ya mwingine bila kutikisika wala kutukana ni urithi wetu pia, ingawa hatuufundishi shuleni.

Kisha wakaja wamisionari. Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892. Upande wa Kiprotestanti, Wahaya wenyewe walilileta neno kutoka Buganda kabla ya wamisionari wa Betheli kufika Bukoba mwaka 1910. Kizazi cha kwanza cha Wakristo wetu, kwa hiyo, kilikuwa kizazi cha watoto waliowaacha wazazi wao katika ibada za mbandwa. Kizazi cha pili kilizaliwa ndani ya kanisa na kukuta kila kitu tayari: ubatizo, jina, kwaya. Ndipo katika miaka ya 1930 na 1940 uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ukavuka mpaka, na Walokole wakatokea. Walisimama hadharani kuungama dhambi zao, wakaacha pombe na hirizi, wakawaambia wazee wa kanisa kwamba ubatizo wa utotoni hautoshi. Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925 na kuguswa na uamsho huo mwaka 1947, baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kitabu chake cha mwaka 1974 kiliweka kanisa na ukoo ndani ya jina moja, kwa sababu alijua mahali mgogoro unapoumia.

Mimi ni mjukuu wa Mlokole. Babu aliniambia kwamba siku aliposimama kuungama, baba yake hakukasirishwa na dhambi zilizotajwa. Alikasirishwa na kutajwa kwake mbele ya watu wasio wa ukoo. Kwa muda mrefu baba na mwana hawakula sahani moja. Lakini babu yangu huyo huyo, kijana aliyewahi kudai haki ya kumtafuta Mungu wake, alipokuwa mzee alikataa kuhudhuria harusi ya binti yake aliyeolewa na Mkatoliki. Nasimulia haya kwa heshima, maana nilimpenda. Nayasimulia kwa sababu ndiyo historia ya dini katika familia kwa ufupi: mtafutaji wa jana huwa mlinzi wa lango leo.

Walokole na Makhan Singh walitofautiana sana. Wao walianzia ndani, katika dhamiri, na wengi wao waliipa siasa kisogo. Yeye alianzia nje, katika mshahara na sheria. Lakini pande zote mbili ziligundua kwamba kurithi imani na kuwa nayo ni mambo mawili, na pande zote mbili zililipa gharama mezani kwa wazazi kabla ya kuilipa mahali pengine popote.

Ninyi mnaofanya kazi serikalini mnajua kwamba Ibara ya 19 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Mnajua pia kwamba tangu sensa ya mwaka 1967 taifa halijawauliza raia dini zao. Dola imejizuia. Ukoo haujajizuia. Kijana wa Kyerwa anayebadili dhehebu hulindwa na Katiba dhidi ya mkuu wa wilaya, ila Katiba haimfikishi kwenye kikao cha familia kinachoamua nani atamlipia ada, nani atapewa kipande cha shamba la migomba, na nani atazikwa wapi. Ofisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata na hakimu wa mahakama ya mwanzo hukutana na kesi hizi zikiwa zimevaa nguo za mirathi au ugomvi wa ndoa. Ningewaomba wazitambue kwa sura yake halisi. Binti anayenyimwa urithi kwa sababu ya dhehebu la mumewe ameadhibiwa kwa imani, hata kama jalada linasema shauri la ardhi.

Kwa wanafunzi nasema hivi. Methali ya wahenga haikukosea, imefupishwa mno. Malezi humpa mtoto maneno ya kwanza ya kumwitia Mungu, naye hawezi kutafuta bila maneno hayo. Makhan Singh alipata ya kwake katika nyumba ya seremala, na babu yangu aliyapata katika nyumba ya Mkristo wa jina. Kwa hiyo tafuteni, lakini msiwadharau waliowapa lugha ya kutafutia. Na mtakapokuwa wazazi, siku mtoto wenu atakapouliza swali ambalo hamkumfundisha, mwacheni alimalize.