Kadi ulizogawiwa na kadi ulizochagua

Mtu anayecheza karata za kawaida ana kisingizio kizuri akishindwa. Pakiti ni moja, karata ni 52, mmoja anachanganya, mwingine anakata, na kila mtu anapokea alichogawiwa. Iwe kando ya Lomami kule Opala, iwe chini ya turubai kwa familia zilizokimbilia Kisangani tangu mapigano ya Februari 2023, maneno ya mshindwa ni yale yale: nilipewa mbaya. Hakuna wa kumbishia, kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Lakini katika michezo ya kadi inayochezwa kwenye simu, ile ya mashindano kwa njia ya intaneti, mambo yamegeuka. Kila mchezaji anakuja na pakiti yake. Ameipanga mwenyewe kabla ya mchezo, kadi moja moja, na mpinzani wake naye amefanya vile vile. Bahati bado ipo, kwa kuwa pakiti huchanganywa, ila sehemu ya lawama imehama kutoka kwa mgawaji kwenda kwa mwenye pakiti. Badiliko hilo lina umri wa miaka thelathini na kidogo tu. Kabla yake kuna historia ndefu, na sehemu yake iko ndani ya lugha yetu.

Mswahili wa pwani anapotaja karata husema kopa, uru, shupaza na pau. Ni maneno ya Kireno. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni rungu, kwa kuwa karata za zamani za Ureno zilichorwa vitu hivyo. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakajenga ngome yao Mombasa kuanzia 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Ngome walipokonywa, majina ya karata yakabaki. Hata picha zilipobadilika na moyo ukachukua nafasi ya kikombe, watu wa pwani waliendelea kusema kopa. Na zile karata zenye sura za watu, yaani mfalme, malkia na kijana wao, waliziita wazungu. Kwa hiyo mtu aliweza kujisifu mezani kwamba ameshika wazungu wawili mkononi, na hakuna aliyeitwa kujieleza.

Kwetu Tshopo shule ilikuja na Kifaransa, na anayesema pique au carreau anaeleweka bila shida. Waliotutawala hadi 1960 ni Wabelgiji, na Ubelgiji una mji mmoja, Turnhout, ambao umejulikana kwa kuchapa karata tangu karne ya 19. Una hata makumbusho ya karata. Mwaka 1970 viwanda vya mji huo viliungana kuwa kampuni moja, Carta Mundi. Shika jina hilo, maana ndipo hadithi inapogeukia.

Mwaka 1993 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Richard Garfield, alitoa mchezo unaoitwa Magic: The Gathering. Kadi zake za kwanza zilichapwa na Carta Mundi, Ubelgiji. Mchezo ulikuwa na wazo moja jipya: kadi ni za aina mamia, hakuna mtu anayezimiliki zote, na kila mchezaji anajipangia pakiti kutoka kwa zile alizo nazo. Karata za kale zilitaka ujue kucheza vizuri ulichopewa. Huu ulitaka ujue pia kuchagua.

Matatizo yalikuja haraka. Kanuni za mwanzo hazikuweka kikomo cha kurudia kadi moja. Mwenye nakala ishirini za kadi kali aliweza kuzipanga zote na kummaliza mwenzake kabla hajakaa sawa. Mwaka 1994 mashindano yaliweka sheria kwamba kadi yoyote isizidi nakala nne, isipokuwa zile za msingi, na kadi kadhaa zenye nguvu kupita kiasi zikafungiwa. Ikawa pia kawaida kwamba pakiti isipungue kadi 60. Tangu hapo, kuchagua maana yake ni kuacha. Kila kadi inayoingia inaiondoa nyingine.

Mwaka wa 1996 ndio wa kukaa nao kidogo, kwa sababu karibu mabishano yote ya vijana wa leo juu ya pakiti yalikwisha kutokea mwaka ule.

Kulikuwa na kadi nyeusi, Necropotence. Inakuruhusu kulipa uhai wako, pointi moja kwa kadi moja, ili uongeze kadi mkononi. Ilipotoka mwaka 1995 wengi waliidharau. Nani anunue kadi kwa damu yake? Mwaka uliofuata walielewa kwamba uhai hauna kazi ukibaki nao mwingi huku mkono ni mtupu, na pakiti za Necropotence zikatawala mashindano hata majira ya joto ya mwaka ule yakaitwa ya weusi.

Wakati huo huo, huko Atlanta, mchezaji Paul Sligh alikuja na pakiti iliyobuniwa na Jay Schneider. Ilijaa kadi nyekundu ambazo watu waliziona takataka, askari dhaifu wa bei ndogo. Sligh alimaliza wa pili. Kilichombeba ni mpangilio wa gharama: kadi nyingi za gharama moja, kadhaa za mbili, chache za tatu, ili kila zamu awe na kitu cha kufanya. Wapinzani walikuwa bado wanangoja kadi zao kubwa zikomae, yeye ameshapiga mara tatu. Mama yeyote anayeuza sokoni anaijua hesabu hiyo, mali ndogo inayotoka kila siku dhidi ya mali kubwa inayolala.

Kisha, Agosti, ubingwa wa dunia mjini Seattle. Mshindi alikuwa Tom Chanpheng wa Australia. Alikuwa ametazama hali, akaona weusi wamejaa kila meza, akapanga pakiti nyeupe ya askari wadogo, wakiwemo wale ambao kadi nyeusi haziwezi kuwagusa. Katika fainali alimkuta Mark Justice wa Marekani na pakiti ya Necropotence, akamshinda. Mpaka hapo ni hadithi ya mtu aliyechagua vizuri.

Lakini pakiti yake ilikuwa na kosa. Alipoandika orodha ya kadi zake kwa waamuzi alisahau ardhi nne zinazotoa nguvu nyeupe au ya buluu. Orodha ikishapokewa haibadilishwi, ikabidi acheze na ardhi nyeupe tupu mahali pake. Ndani ya pakiti ile mlikuwa na kadi moja ya buluu, na sasa hapakuwa na njia yoyote ya kuilipia. Ile kadi ilikaa kama abiria asiyelipa nauli ndani ya pirogi. Akiivuta, imepotea bure.

Akawa bingwa wa dunia. Je, kombe lake lilithibitisha kwamba kuweka kadi isiyochezeka ni busara? Hakuna aliyesema hivyo, maana kosa lilikuwa wazi kwa macho. Shida iko pale kosa lisipoonekana. Mtu anashinda na pakiti yenye makosa matatu, na kesho watu mia wanainakili pamoja na makosa yake. Mwingine anashindwa na pakiti nzuri, anaivunja usiku huo huo.

Intaneti imeongeza kasi ya mambo haya. Hearthstone ilitoka mwaka 2014, pakiti za kadi 30, na kadi moja isizidi nakala mbili. Magic yenyewe nayo iliingia kwenye simu. Siku hizi tovuti hukusanya matokeo ya michezo mingi sana na kutangaza kila pakiti inashinda mara ngapi. Katika mashindano ya Hearthstone ulikuwepo mtindo wa kuja na pakiti kadhaa. Mpinzani anafungia moja, na pakiti iliyokwisha kushinda hairudi tena, kwa hiyo huwezi kujificha nyuma ya moja tu. Unachagua kundi, ukijua mwenzako atakunyima ile unayoipenda.

Sasa hesabu, na isikuchoshe. Katika michezo hii pakiti inayoshinda mara 55 kati ya 100 inahesabiwa kuwa kali. Mwenye pakiti hiyo akicheza michezo mitatu, nafasi ya kupoteza yote ni karibu moja kati ya 11. Akicheza kumi, zaidi kidogo ya robo ya wakati atapoteza mingi kuliko anayoshinda. Na mwenye pakiti mbovu, ya kushinda 45 kati ya 100, naye zaidi kidogo ya robo ya wakati atashinda sita au zaidi katika kumi, atembee kifua mbele. Hata kwa michezo mia, pakiti kali inaweza kuonekana mbovu kama mara 13 kati ya 100.

Hapo ndipo kijana wa Opala au wa Lubunga anapoumizwa. Mwenzake wa Ulaya ana mtandao usiokatika, anacheza michezo mia kwa juma na kusoma takwimu za wengine. Yeye ananunua mega za saa chache, anapata michezo kumi, umeme wa jua unaisha, simu inazima. Amepoteza sita. Anahukumu pakiti, anaivunja, anatafuta nyingine, na juma lijalo anaanza sifuri. Uchaguzi wake huenda ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Alichokosa ni idadi ya michezo ya kumwonyesha hivyo, na idadi hiyo inauzwa kwa mega.

Kadi pia zinauzwa. Michezo mingi huuza pakiti zilizofungwa bila kujua kilichomo ndani. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ndani ya michezo kadhaa ya video ni kamari kwa sheria ya nchi ile. Nchi iliyochapa kadi za kwanza ndiyo iliyopiga filimbi kuhusu ununuzi wa gizani. Kwa asiye na fedha ipo njia nyingine ya heshima, mtindo wa Magic uitwao Pauper, yaani fukara, unaoruhusu kadi za kawaida tu. Ulikua kwanza kwenye mchezo wa intaneti, na mwaka 2019 ukapewa sheria moja rasmi kwa wa intaneti na wa kadi za karatasi.

Asiye na takwimu za tovuti anaweza kujiwekea zake. Tarehe, pakiti yangu, pakiti yake, nani alianza, nani alishinda, na safu moja ya mwisho kwa kadi iliyokaa mkononi bila kuchezwa. Pakiti isiguswe mpaka ukurasa ujae. Mwenye michezo kumi kwa juma atafika hamsini katika majuma matano, na ile safu ya mwisho itakuwa na majina ya kadi zinazojirudia. Daftari la shule linatosha, na halihitaji mega.