Mgogoro wa kazi (Tanzania Bara)

Mgogoro wa kazi ni mvutano kati ya mwajiri na mwajiriwa, au kati ya vyama vinavyowawakilisha, unaohusu ajira: mshahara, saa za kazi, likizo, nidhamu, au namna kazi ilivyokoma. Sheria za Tanzania Bara huugawa mafungu mawili. La kwanza ni malalamiko: mtu anadai kitu ambacho mkataba au sheria imekwisha kumpa, kama mshahara wa miezi miwili usiolipwa, likizo iliyoliwa, au kazi aliyofukuzwa bila kusikilizwa. La pili ni mgogoro wa maslahi: wafanyakazi wanataka kitu ambacho bado hawana, mfano nyongeza ya mshahara ya mwaka ujao. Malalamiko hupelekwa kwa mwamuzi au mahakamani. Mgogoro wa maslahi, usuluhishi ukishindikana, waweza kuishia kwenye mgomo halali. Wanaogoma kwa sababu ya mishahara iliyocheleweshwa mara nyingi hawajui kwamba dai lao ni malalamiko. Basi hujikuta wana haki ya pesa, lakini hawana haki ya mgomo.

Historia

Neno kibarua lilikuwa barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili kuonyesha kuwa ana kazi. Baadaye jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Wakati wa Wajerumani, kisha Waingereza, ilikuja kadi ya kipande, iliyohesabu siku 30 za kazi moja moja hadi ijae ndipo malipo yatoke. Aliyevutana na msimamizi kabla kadi haijajaa hakuwa na pa kwenda. Silaha pekee ilikuwa kuweka kazi chini, kama walivyofanya makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1939, kisha 1947, safari hii mgomo ukasambaa hadi nje ya mji.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA. Mwaka huohuo ikaja sheria ya kulinda ajira, iliyomzuia mwajiri kufukuza ovyo na kuorodhesha makosa na adhabu zake. Rufaa yake, hata hivyo, iliishia kwa waziri, mahakama ikaachwa pembeni. Mwaka 1967 likaundwa baraza la kudumu la kazi, ambalo mwaka 1990 lilipewa jina la Mahakama ya Usuluhishi. Njia zilikuwa nyingi na zilipishana: afisa wa kazi, bodi, waziri, baraza, mahakama za kawaida. Kesi ya mtu mmoja ingeweza kupita kote huko, na mwenye kesi akazeeka.

Sheria za 2004

Mfumo wa sasa umesimama juu ya sheria mbili zilizotungwa mwaka 2004. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, inaeleza haki na wajibu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7, inaunda vyombo vya kuzisimamia, na kikuu kati ya hivyo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA kwa herufi zake za Kiingereza. Kanuni za utekelezaji zilitolewa mwaka 2007. Anayejua tume ya namna hiyo ya Afrika Kusini, iliyotokana na sheria yao ya 1995, ataona ndugu wa karibu.

Sheria hizi hazimhusu kila mtu. Wanajeshi, polisi, askari magereza na JKT wako nje ya Sheria ya Ajira. Watumishi wa umma wana njia yao kupitia Sheria ya Utumishi wa Umma: tangu marekebisho ya 2016 wanapaswa kwanza kumaliza rufaa za huko, ambazo hupitia Tume ya Utumishi wa Umma na kufika kwa Rais. Kuna watumishi wa mashirika ya umma waliokwenda CMA, wakashinda, kisha miaka baadaye Mahakama ya Rufani ikafuta shauri lote kwa sababu tume haikuwa na mamlaka. Zanzibar nayo ina sheria zake za kazi za mwaka 2005, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano.

Nani ni mwajiriwa

Mwajiri aliyeshtakiwa mara nyingi hutanguliza kauli moja: huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa kibarua tu, au alikuwa na mkataba wa huduma. Sheria ya Taasisi za Kazi iliona kauli hiyo mbali. Inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinasimamiwa, vifaa ni vya mwajiri, anategemea kipato hicho, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kila mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku 5 za saa 9. Vibarua wengi wa viwandani na majumbani wanavuka hapo katika wiki ya kwanza.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi si kifo cha dai. Ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: cheo, mahali, saa, mshahara. Akishindwa kuyaleta shauri likifika mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Mpishi wa hoteli anayesema alikubaliwa mshahara fulani anaanza akiwa na nafasi, na mwajiri ndiye atakayehangaika kueleza kwa nini hakuandika.

Viwango vya chini vinajulikana na wengi, havifuatwi na wengi vilevile: saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, saa za ziada kwa malipo ya mara moja na nusu, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 mama akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Kuachishwa kazi

Hapa ndipo penye mashauri mengi, na hapa ndipo sheria ya 2004 ilipopiga hatua kubwa. Mwajiri hana uhuru wa kusema “sikuhitaji tena, chukua notisi yako.” Notisi ya siku 28, inayotolewa kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, haihalalishi kitu peke yake. Mwajiri lazima awe na sababu halali, nayo ihusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kutoelewana kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Kisha lazima afuate utaratibu wa haki. Na katika shauri, yeye ndiye anayethibitisha yote mawili. Mfanyakazi akishaonyesha kwamba aliachishwa, zamu ya kueleza ni ya mwajiri. Ulinzi huu haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo.

Utaratibu wa kosa la nidhamu umeandikwa katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Mwajiri anachunguza kwanza. Anatoa barua ya tuhuma, na kumpa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Katika kikao cha nidhamu mfanyakazi anaweza kusindikizwa na mwenzake au na kiongozi wa chama, anaruhusiwa kuhoji mashahidi, na mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na tukio lenyewe. Uamuzi huandikwa pamoja na sababu zake. Waajiri wengi huanguka hapa hata pale mfanyakazi alipoiba kweli: barua ya kujieleza inatolewa asubuhi, kikao kinafanyika mchana, na barua ya kufukuzwa ina tarehe ya jana yake. Na ikiwa mfanyakazi ameshtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai lilelile, mwajiri hawezi kumfukuza kwa kosa hilo mpaka kesi imalizike pamoja na rufaa zake.

Kupunguzwa kazini kuna njia yake. Mwajiri anatoa taarifa ya kusudio, anaeleza sababu na vigezo vya nani abaki na nani aondoke, kisha anashauriana na chama au na wafanyakazi wenyewe. Barua inayosema “tumepunguza, tunakutakia kila la heri” bila mashauriano ni uachishaji usio halali hata kama biashara imekufa kweli.

Sheria inatambua pia anayeacha kazi kwa kusukumwa. Mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike, kwa manyanyaso ya kingono au kwa kumnyima mshahara makusudi, anahesabiwa kuwa ameachishwa. Tatizo ni ushahidi, kwani barua ya kujiuzulu iliyoandikwa kwa maneno ya shukrani humrudi mwandishi wake.

Mikataba ya muda maalumu ina kanuni tofauti kidogo. Ukivunjwa kabla ya wakati bila sababu, mahakama kwa kawaida hutoa mishahara ya muda uliobaki. Ukiisha tarehe yake, umeisha, isipokuwa mfanyakazi aonyeshe kuwa mwajiri alimpa matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, mfano kwa kuuhuisha mara kadhaa bila maneno.

Siku 30

Shauri la kuachishwa kazi lazima lifike CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Malalamiko mengine yote, pamoja na mshahara usiolipwa, yana siku 60 tangu yalipozuka. Hakuna kipengele cha sheria za kazi kilichomeza haki za watu wengi kama hiki. Mwezi wa kwanza baada ya kufukuzwa ndio mwezi wa kuhangaika na kodi ya nyumba, kumpigia simu meneja aliyeahidi “nitakuona,” kungoja kikao cha bodi, kwenda kijijini. Mazungumzo ya pembeni hayasimamishi siku.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda. Tume itaangalia amechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, na kama dai lina uzito, na mahakama zimeshikilia kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Kulazwa hospitalini kwa vyeti ni sababu. Kutojua sheria, kwa kawaida, si sababu.

Shauri linafunguliwa kwa fomu namba 1 ya CMA, ambayo nakala yake hupelekwa kwa mwajiri. Mfanyakazi anaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama chake, au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, na gharama za shauri kwa kawaida hazitozwi aliyeshindwa, ila dai likiwa la upuuzi. Fomu yenyewe inataka uangalifu, maana yasiyoandikwa humo ni shida kuyadai baadaye. Aliyejaza mshahara wa mwezi mmoja akasahau likizo zake za miaka 3 asitegemee mwamuzi azikumbuke kwa niaba yake.

Usuluhishi na uamuzi

Msuluhishi ana siku 30 za kupatanisha, isipokuwa pande zikubaliane kuongeza. Yanayosemwa chumbani mwake hayatumiki kama ushahidi baadaye, ndiyo maana mwajiri anaweza kutoa bei bila kukiri kosa. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kufuta shauri. Mwajiri asipofika, anaweza kuliamua bila yeye. Makubaliano yakitiwa saini yanafunga pande zote.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi kwa kiapo na kutoa tuzo. Akiona uachishaji haukuwa halali, sheria ya 2004 ilimpa njia tatu: kumrejesha mtu kazini kana kwamba hakuondoka, kumwajiri upya kwa masharti mengine, au kumlipa fidia, ambayo sheria hiyo ilivyotungwa haikuwa chini ya mishahara ya miezi 12. Mwajiri asiyetaka kumrudisha aliyeamriwa kurejeshwa hulipa fidia hiyo na, juu yake, mishahara tangu siku ya kuachishwa mpaka siku ya malipo ya mwisho. Kurejeshwa, kwa kweli, ni adimu, kwani wachache wanataka kurudi kwenye meza ya bosi waliyemshtaki.

Fidia haifuti stahiki nyingine. Notisi, likizo ambayo haikuchukuliwa na hati ya utumishi hudaiwa kando. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10: aliyefanya miaka 6 ana siku 42, aliyefanya 15 ana 70. Hakilipwi kwa aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Aliyeajiriwa Mwanza akaachishwa Mtwara anastahili kusafirishwa kurudi alikoajiriwa na kulipwa posho ya kujikimu mpaka asafirishwe, kipengele ambacho waajiri husahau, na ambacho kimezaa madeni makubwa kuliko fidia yenyewe.

Asiyeridhika na tuzo anaomba marejeo katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Kutoka hapo Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za kisheria tu. Asiye na pingamizi lakini hajalipwa huipeleka tuzo mahakamani kukaziwa kama hukumu, na hapo dalali wa mahakama anaweza kukamata mali za mwajiri na kuziuza. Kufika huko huchukua muda, na wakati mwingine dalali hukuta ofisi imefungwa, bango limeshushwa, na kampuni ileile imefungua mlango mtaa wa pili kwa jina jingine.