Gobore la Babu na Mkataba wa Brussels

Kwetu Talatala, wilayani Kyela, ukoo wetu una jina la utani ambalo sikulielewa mpaka nilipofika darasa la tano. Tunaitwa Akina Kando. Mtoto mwenzangu ndiye aliyenieleza, tukiwa tunaokota maembe: babu yako alilenga nguruwe, risasi ikaenda kando, ikampata mtu.

Ilikuwa Mei 1971, mpunga umeiva na nguruwe pori wanashuka usiku. Babu na rafiki yake, jirani wa shamba la pili, walikuwa wanalinda pamoja kama miaka yote. Rafiki alizunguka upande wa pili kuwasukuma wanyama, babu akabaki na gobore. Alifyatua. Nguruwe alikimbia, rafiki akaanguka. Goti la kushoto. Hakufa, lakini alichechemea mpaka anaingia kaburini. Wazee walikaa, ng'ombe wawili wakatolewa, mambo yakaisha. Yaliisha kwa maneno tu. Nyumba zile mbili ziliendelea kusalimiana, kuzikana, kusaidiana kuvuna, lakini hukumu ilibaki pale pale: mzee yule hakujua kulenga.

Babu mwenyewe hakuwahi kujitetea. Nilimkuta mzee, mkimya, na hiyo bunduki ikiwa juu darini imefungwa kwenye gunia. Sikuwahi kuiona.

Niliiona mwaka 2022. Serikali ilikuwa imetoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha wasizozimiliki kihalali, Septemba na Oktoba, na baba mdogo akanipigia simu Dar es Salaam. "We ni mwandishi wa habari, ndo unajua kuongea na watu wa serikali. Njoo tulipeleke hili dude." Nikapanda basi.

Lile dude lilikuwa jepesi kuliko nilivyofikiri. Kitako cha mti kimeliwa na mchwa pembeni, mtambo umeshika kutu, mdeki haupo. Mtutu ni bomba, bomba kabisa, laini ndani kama la maji. Mbele kuna kipele kidogo cha chuma kilichochomelewa. Nyuma hakuna kitu. Binamu yangu, fundi wa kuchomelea pale Kyela mjini ambaye ameangalia video nyingi za wawindaji wa Marekani, akasema kwa uhakika wote: "Babu angeweka darubini hapa juu, yale yote yasingetokea."

Nililala na sentensi hiyo. Niliporudi Dar nikaanza kusoma, na hiki ninachoandika ni matokeo ya kusoma kwenyewe. Kwanza tumalizane na darubini.

Ukikata michirizi iliyojiviringisha ndani ya mtutu, risasi hutoka ikizunguka, na mzunguko ndio unaoiweka kwenye njia yake. Mtutu laini hauna kitu hicho. Gololi ya gobore huwa ndogo kidogo kuliko tundu, maana lazima isukumwe kwa mdeki kutoka mdomoni, kwa hiyo ikifyatuliwa inagonga ukuta huu, inagonga ule, na inatoka ikielekea upande iliogonga mwisho. Baruti nayo haifanani kipimo kwa kipimo. Ndani ya hatua hamsini mtu mzoefu anaweza kupata kitu kikubwa. Zaidi ya hapo anabahatisha. Darubini ni chombo cha kuahidiana: nikikuelekeza pale, risasi itakwenda pale kila mara. Gobore haliwezi kutimiza ahadi hiyo. Ungelifunga darubini ya bei ya ng'ombe kumi, ungekosa vile vile, ila ungeona vizuri zaidi unavyokosa. Nilimpigia binamu kumweleza. Akacheka, akasema fundi mzuri angepata namna. Mafundi ndivyo walivyo.

Lakini kilichonikamata hasa ni vitabu viwili vya zamani. Kimoja ni cha Monteith Fotheringham, "Adventures in Nyassaland", cha 1891. Kingine ni cha Frederick Lugard, "The Rise of Our East African Empire", cha 1893. Vyote viwili vinasimulia vita vilivyopiganwa Karonga, upande wa pili wa Mto Songwe. Kwetu ni pua na mdomo: kutoka Kyela unavuka daraja la Kasumulu, na kabla jua halijawa kali umefika. Fotheringham alikuwa wakala wa African Lakes Company pale Karonga. Lugard alikuwa ofisa wa jeshi aliyekuja kutafuta vita ili asahau mambo yake ya mapenzi (hilo ni kweli, wala simsengenyi). Adui yao alikuwa Mlozi bin Kasbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyejenga boma Mpata na kujiita sultani wa nchi ya Wangonde.

Simtetei Mlozi. Oktoba 1887 watu wake waliwazingira Wangonde kwenye bwawa la Kambwe, wakawasha moto matete, na kuwapiga risasi waliokuwa wanakimbia kati ya moto na mamba. Walionusurika wengi walikimbilia kaskazini, wakavuka Songwe na kuingia kwa Wanyakyusa, ndugu zao wa lugha. Pale Kambwe gobore halikuhitaji shabaha. Watu wamebanwa kwenye maji, unaelekeza mtutu tu. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya silaha hii, na itakuwa uongo kuiandika kana kwamba ilikuwa chombo cha kufukuzia nguruwe peke yake.

Hata hivyo, soma jinsi Wazungu wa zama zile walivyoandika kuhusu watu waliobeba magobore na utakutana na mzaha ule ule tena na tena: wanafyatua toka kiunoni, wanafumba macho, risasi zinapita juu ya miti. Hawajui kulenga. Nilipoisoma mara ya tatu niliweka kitabu chini. Niliwasikia wazee wa Talatala.

Mtu anafyatua kutoka kiunoni kwa sababu anaijua bunduki yake. Anajua mtutu unaweza kupasuka, na kwamba cheche za gumegume zinaruka karibu na jicho. Anajua pia kuwa akiilaza shavuni na kulenga kwa dakika nzima hatapata faida yoyote. Kwa hiyo hafanyi hivyo. Anafanya jambo lingine: anasubiri adui akaribie. Mabomba yale yalikuwa na mwenzi wake, nao ni ukuta wa magogo uliokandikwa udongo, na nyuma ya ukuta ule mtu wa gobore alikuwa hatari kweli kweli. Juni 1888 Lugard aliongoza shambulio la alfajiri kwenye boma la Kopakopa, mshirika wa Mlozi. Alifika mpaka ukutani, akaanza kuupanda, na hapo hapo risasi moja ikamjeruhi mikono yote miwili. Shambulio likavunjika. Mtu huyu ndiye baadaye angekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, na alibaki na kumbukumbu ya Karonga mwilini. Aliyempiga hatumjui jina. Vitabu havikumtaja, ingawa kwa hesabu yoyote ile alilenga vizuri.

Halafu ukaja mzinga. Mwanzoni mwa 1889 Wazungu wa Karonga walipata mzinga mdogo wa kisasa, uliobebwa kwa taabu kutoka pwani kupitia Zambezi na Shire. Walidhani mambo yamekwisha. Makombora yalitoboa ukuta wa magogo, yakaacha tundu na kupita, na boma likabaki limesimama. Silaha ya shabaha ilipata ilichokilenga bila kukiangusha. Mlozi aliendelea kukaa Mpata miaka mingine sita, mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipokuja na askari wa Kisikh na mizinga zaidi. Siku chache baadaye Mlozi alinyongwa.

Katikati ya hapo, yaani kati ya mzinga ule na kitanzi, kuna karatasi moja ambayo sikuwahi kufundishwa shuleni wala chuo kikuu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Zanzibar nayo ilikuwemo. Ndani yake kuna vifungu vya silaha, vinavyohusu Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Talatala iko humo ndani kabisa, nyuzi tisa na kitu kusini. Mkataba unataja silaha zisizoruhusiwa kutolewa ghalani isipokuwa kwa kibali maalumu: bunduki zenye michirizi, zenye magazini, zinazopakiwa kwa nyuma. Neno linalotumika kuzijumlisha zote kwa Kifaransa cha mkataba ni silaha za "précision". Silaha za shabaha. Na zinazoweza kuruhusiwa kuuzwa? Bunduki za gumegume zisizo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Soma tena polepole. Katika eneo lote hilo bunduki hazikukatazwa. Kilichokatazwa ni kulenga. Vibali vya silaha za shabaha vilikuwa kwa mtu anayeweza kutoa dhamana kwamba haitaangukia mikono mingine, na kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake. Kila mtu anajua msafiri huyo alikuwa na rangi gani.

Najua sababu yake. Wanaoleta hoja kwamba bunduki ndizo zilizowalisha wakamataji wa watumwa wana hoja, na Kambwe ni ushahidi wao. Lakini bunduki zilizoua Kambwe zilikuwa aina ile ile ambayo mkataba uliiacha mlango wazi. Kilichozuiwa ni ile ambayo ingeweza kumfikia ofisa akiwa mbali. Ukifikiria kwa jicho la mtawala, ni busara tupu. Kisha watu hao hao wakaandika vitabu wakishangaa kwa nini Mwafrika halengi.

Kwa haki, wao pia walikosa walipokuwa na vyombo vizuri. Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa hadi Liuli, wakati ule ikiitwa Sphinxhafen, kuipiga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli imekaa, haisogei, haijui hata kama kuna vita. Makombora ya mwanzo yalikwenda kando. Nahodha Rhoades anakumbukwa kama mshindi wa vita vya ziwa, na hakuna aliyewapa wajukuu wake jina la utani.

Gobore liliendelea. Wajerumani walikwenda, Waingereza wakaja, uhuru ukaja, na kwa mwanakijiji wa kawaida anayelinda mpunga bunduki iliyo karibu na mkono wake ilibaki kuwa bomba laini, la kununua au la kutengenezewa na fundi. Sijui kama fundi wa lile la babu aliwahi kuona mtutu wenye michirizi. Alitengeneza alichokijua, na alichokijua kilikuwa kimeamuliwa mezani Ulaya kabla baba yake hajazaliwa.

Je, hilo linamwondolea babu lawama? Nimejiuliza sana, na jibu langu halinifurahishi. Kama gobore halilengeki, basi mtu anayelijua hafyatui usiku huku rafiki yake akiwa upande wa pili wa nguruwe. Babu alilijua. Alilimiliki miaka mingi. Nilianza utafiti huu nikitaka kumsafisha, nikajikuta nimehamisha sehemu ya kosa tu: haliko kwenye jicho lake, liko kwenye uamuzi wa kufyatua.

Siku tuliyolipeleka, tulipita nyumba ya jirani. Baba mdogo alisema si vizuri chombo kile kiondoke kijijini bila wao kukiona. Mwanawe mkubwa wa yule rafiki, mzee sasa, alitoka akatukaribisha, tukasalimiana kwa Kinyakyusa kirefu cha kuulizana watoto, ng'ombe na mvua. Kisha baba mdogo akafungua gunia. Mzee akalishika gobore kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaangalia juu ya mtutu kutoka nyuma kwenda mbele. Akapapasa kwa kidole gumba mahali ambapo kilengeo cha nyuma kingekuwa. Akapapasa tena.

"Sasa huyu mzee," akamuuliza baba mdogo, "alikuwa analengaje?"

"Kwa kusogea karibu," baba mdogo akajibu.

Mzee alikaa nalo magotini kwa muda. Halafu akamwita mjukuu wake alete viti, maana tulikuwa bado tumesimama, na akasema ofisi ya kata haifungwi mpaka saa tisa, tunywe chai kwanza.