Jumamosi Usiku Bwaloni: Historia Fupi ya Kwaya, Ngoma na Klabu za Sekondari, Korogwe na Handeni

Korogwe ilikuwa haijapata sekondari hata moja wakati mkoa wa Tanga ulipokuwa tayari na bendi ya wanafunzi. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1892, ilifundisha vijana kupiga matarumbeta, na mtambo wake wa uchapaji ndio uliotoa gazeti la Kiongozi. Wakati huo pwani yote ilikuwa ikiugeuza muziki wa namna hiyo kuwa beni, ngoma ya gwaride yenye sare na vyeo, yenye pande zake mbili za Marini na Arinoti. Beni ikaenda bara na maaskari, makarani na vibarua. Ilipofika Ziwa Nyasa wanaume wakaifanya mganda, na wanawake wa huko wakawa na kioda yao.

Naanza mbali hivyo kwa sababu ngoma hizo zilirudi. Msichana wa Mbinga au Ludewa aliyepangiwa kidato cha tano Korogwe alipanda basi na sanduku lake la bati, na kioda ikiwa kichwani mwake. Hakujua kwamba anairudisha karibu na ilikoanzia.

Korogwe yenyewe ni mji wa reli na mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1902, na mashamba ya Magunga, Ngombezi na Hale yakavuta watu kutoka kila pembe: Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, Waha. Jumapili kambini kila kundi lilicheza la kwao. Upande wa pili walikuwapo wamisionari Waanglikana wa UMCA, waliofika Magila mwaka 1868 na kuenea hadi Korogwe na Kideleko, nje kidogo ya mji wa Handeni. Kwao mwanafunzi alijifunza tenzi za Kiswahili na kuimba kwa sauti nne. Milimani Usambara, Walutheri walikuwa na matarumbeta yao. Mtoto wa wilaya hizi aliingia darasani akiwa amekwisha kusikia muziki mwingi kuliko mtaala wowote.

Uhuru ulipokuja, serikali iliutaka muziki huo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 sera ya Elimu ya Kujitegemea ikaifanya shule kuwa jumuiya inayolima, inayojiendesha na inayojiburudisha yenyewe. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa na nyimbo zake. Mshairi Mathias Mnyampala aliandika Ngonjera za UKUTA, zikachapwa mwaka 1970, na ngonjera ikawa mali ya kila shule. Hadi leo ni nadra kuona mahafali bila wanafunzi wawili wanaobishana kwa beti, mmoja akikosea na mwenzake akimwelimisha.

Lakini lililojenga vikundi vya muziki kwa kweli ni bweni. Sera ya kupanga wanafunzi nje ya mikoa yao ilikusudia kujenga taifa, na ilifanya hivyo hata pale ambapo hakuna mwalimu aliyekuwa akitazama. Shule ya Sekondari ya Wasichana Korogwe, alikosoma kidato cha tano na cha sita Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni mfano ulio wazi: wasichana wa nchi nzima chini ya paa moja, wikiendi hawana pa kwenda.

Jumamosi baada ya chakula cha usiku meza za bwaloni husukumwa ukutani. Ndoo iliyopinduliwa huwa ngoma, vijiko hugonganishwa, na kiongozi wa kwaya, mara nyingi msichana wa kidato cha sita ambaye hajawahi kuona karatasi ya noti, hutoa sauti ya kwanza, kisha ya pili, akizunguka kati ya mistari na kuinamisha sikio kwa kila mmoja. Anayekosea husogezwa karibu na anayejua. Shule hiyo ya Korogwe hupokea pia wasichana wasioona, na kwaya inayofundishwa kwa sikio haina haja ya kuwatengea kona: wote wanaanza sawa. Baada ya kwaya huja sindimba, bugobogobo, mdumange ya Wasambaa, kila moja na mwenye nayo mbele. Kidato cha sita wakiondoka, kidato cha tano ndio wenye nyimbo. Hivyo ndivyo kikundi kisicho na ofisi wala bajeti kinavyodumu.

Klabu nyingine zilikuja kwa mawimbi. Skauti na midahalo ni za zamani. UKWATA ya Waprotestanti, TYCS ya Wakatoliki na TAMSYA ya Waislamu ziliwakusanya wanafunzi kwa imani zao, na kwaya nyingi nzuri zimetoka huko. Klabu za Malihai zilileta utunzaji wa mazingira, na Roots & Shoots, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 na mtafiti wa sokwe Jane Goodall pamoja na wanafunzi wachache, ikaleta vitalu vya miche. Kisha zikaja klabu za Fema na gazeti lao, na za wapinga rushwa. Nyingi ziliishi kadiri ya bidii ya mwalimu mlezi. Akihamishwa, daftari la wanachama hubaki kabatini.

Badiliko kubwa lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004. Shule za kata zilienea Handeni na Korogwe, watoto ambao wasingeigusa sekondari wakaingia, na ninaliheshimu sana jambo hilo. Ila shule ya kutwa haina Jumamosi usiku. Mwanafunzi anatembea kilomita kadhaa kurudi nyumbani kuchota maji, na mazoezi ya kwaya hubanwa katika saa moja baada ya vipindi, jua likiwa bado kali.

Kilichopungua upande mmoja kimeongezeka upande mwingine. Shule ya kata imejaa watoto wa kijiji kimoja, na ngoma yao ni ya kwao. Handeni hiyo ni selo, ngoma ya Wazigua, na wapigaji wanaoijua vizuri ni majirani wa shule, wajomba na mababu wanaoweza kuitwa mahafali yakikaribia. Siku yenyewe, baada ya risala kwa mgeni rasmi, ngoma ikilia wazazi huacha viti vyao na kwenda kuwatuza wachezaji, noti ikibandikwa kwenye paji la uso. Huko Chogo, wilayani Handeni, wanaishi Wazigua waliohamishiwa hapo mwaka 2003 baada ya kukimbilia Tanzania kutoka Somalia, ambako mababu zao walipelekwa utumwani katika karne ya 19. Walirudi wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Wajukuu zao leo ni watoto wa shule za Handeni kama wengine, na wote wana pa kuipeleka ngoma ya kwao: UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kwa mpira na riadha, sasa yanashindanisha pia kwaya na ngoma za asili.