Ajira na ujira wa watu wenye ulemavu nchini Tanzania

Ajira na ujira wa watu wenye ulemavu Tanzania Bara vinasimamiwa na Katiba ya mwaka 1977, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Zanzibar ina sheria zake. Kwa pamoja, sheria za Bara zinamtaka mwajiri asimnyime mtu kazi kwa sababu ya ulemavu, amlipe kwa kadiri ya kazi anayoifanya, na aandae mahali pa kazi pamfae. Sharti la kwanza ndilo linalotajwa sana, lakini haki ya mfanyakazi haikamiliki mpaka yote matatu yatimizwe.

Historia

Sheria Na. 2 ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 50 ahakikishe kuwa asilimia 2 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria Na. 3 ya mwaka huohuo ilihusu matunzo yao. Enzi hizo ulemavu ulichukuliwa zaidi kuwa jambo la ustawi wa jamii. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 27 inahusu kazi na ajira. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya iliyojengwa juu ya haki.

Sharti la asilimia 3

Kifungu cha 31 cha Sheria ya 2010 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu wanaostahili kazi hiyo. Mwenye wafanyakazi 100, basi, anatakiwa kuwa na watatu. Mwenye 20, kwa hesabu hiyo, hafikishi hata mtu mmoja kamili. Ndiyo maana asilimia 3 ichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia. Aidha, Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri aandae mpango wa kukuza fursa sawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi.

Ujira

Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu, bila ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Kifungu cha 7 cha Sheria ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwamo, na katazo hilo linagusa mshahara, marupurupu na masharti ya kazi. Karani asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anastahili mshahara wa ngazi ileile ya karani mwenzake anayefanya kazi ileile.

Si kila nchi imeshika njia hiyo. Nchini Marekani, kifungu cha 14(c) cha Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya 1938 kinaruhusu waajiri wenye cheti maalumu kulipa chini ya kima cha chini pale ulemavu unapopunguza uzalishaji. Madhara yake yalionekana katika jimbo la Iowa, ambako wanaume wenye ulemavu wa akili waliofanya kazi katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga walikuwa wakilipwa dola 65 kwa mwezi. Mwaka 2013 jopo la raia mahakamani liliamua walipwe fidia ya dola milioni 240, lakini ukomo wa kisheria ukaishusha hadi milioni 1.6. Baadhi ya majimbo yamekwisha kufuta malipo ya namna hiyo.

Mazingira ya kazi

Marekebisho hutegemea kazi na mtu. Mwenye kiti mwendo huhitaji njia ya mteremko na choo anachoweza kuingia, kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama kikaoni, na mwenye ualbino huhitaji kofia pana na kazi isiyomweka juani kutwa. Mengi hayana gharama kubwa. Katika mgahawa wa Neema Crafts mjini Iringa, mradi wa Kanisa Anglikana ulioanza mwaka 2003, wahudumu ni viziwi, na mteja huagiza kwa maandishi au ishara.

Kuachishwa kazi na malalamiko

Kwa mujibu wa kifungu cha 37 cha Sheria ya 2004, ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Anayeumia akiwa kazini hulipwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ndani ya siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea.

Kenya na Tanzania

Kenya iliweka sharti la asilimia 5 katika sheria yake ya 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2025. Sheria ya 2003 ilimruhusu pia mwajiri binafsi kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi kiasi cha asilimia 25 ya mishahara ya wafanyakazi wake wenye ulemavu. Asilimia, iwe 3 au 5, ni rahisi kukaguliwa kwa kuhesabu majina. Ukaguzi wa haki unakwenda mbali zaidi: unalinganisha mshahara, cheo na vifaa vya kila mmoja na vya wenzake wanaofanya kazi ileile.