Sigara ya Bi Kidude na Ngoma Yake: Uhakiki wa Filamu Mbili Ukitazamwa kutoka Rungwe

Filamu za maisha ya wanamuziki mashuhuri zimeshazoea njia moja: kipaji, ulevi, watu wanaomnyonya msanii, kisha kifo. Amy ya Asif Kapadia na Cobain: Montage of Heck ya Brett Morgen, zote za mwaka 2015, zimepita humo. Baba yake Amy Winehouse aliikataa hadharani filamu ya binti yake, na mabishano yakahamia kwenye nani alaumiwe. Muziki ukabaki nyuma. Jicho hilohilo limemtazama Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, mwimbaji na mpiga ngoma wa Unguja, na limempunguza.

As Old As My Tongue, filamu ya Andy Jones kumhusu, ilitoka mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya Bi Kidude kupewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia. Wengi walioieleza waling'ang'ania sigara, pombe, miguu peku na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika. Hayo ni ya kweli, na Jones hakukosea kuyaonyesha. Ila mtazame bibi huyu anapopiga ngoma ya unyago. Amesimama, ngoma ndefu ameifunga kiunoni kwa khanga, viganja vinashuka kwa zamu, na sauti ile yenye mikwaruzo inapanda juu ya mdundo bila kumezwa. Hapo yuko kazini, kazi ya kungwi. Unyago humfunda mwari kuhusu mwili wake na ndoa yake, kwa hiyo mwanamke anayeyataja wazi mambo ya chumbani ndani ya ngoma hiyo anaitimiza mila. Mhakiki asiyelijua hilo ataona uasi, ataupigia makofi, na sanaa yenyewe itampita.

Sisi wa Rungwe tunapaswa kuwa wepesi wa kuliona kosa hili. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huku kwetu katika miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta wanaume wakicheza msibani, mikuki mkononi, huku wanawake wakilia. Mpita njia angesema hawa hawana uchungu. Akina Wilson walikaa, wakauliza, wakaelezwa na wachezaji wenyewe kuwa kucheza kule ndiko kuomboleza kwao. Maelezo hayo yamo katika kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo, na bado ni somo kubwa kwa mhakiki wa filamu kuliko nadharia nyingi za sinema: kwanza ujue ngoma inafanya kazi gani mahali pake.

Filamu ya pili ya Jones, I Shot Bi Kidude, inamfuata mtengenezaji mwenyewe akirudi Zanzibar baada ya kusikia kwamba bibi ametekwa, wakati upande wa familia ukisema anatunzwa kwa sababu ni mgonjwa. Naiona ni filamu ya kweli zaidi, kwa sababu Jones anajiweka naye katika swali la nani alifaidika na sauti ile. Lakini inapelekwa kama upelelezi, na mjadala wake umefuata nyayo hizo: pesa, jamaa, lawama.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Wapo Unguja makungwi waliocheza naye unyago, wanaojua alikuwa akibadilisha nini katika mdundo na kwa nini. Uhakiki wa filamu hizi ungeanza kwao, nao wakizitazama na kusema ni wapi kamera iliona na ni wapi haikuona.